Wasomaji Wanauliza: Seriamu ya Damu au Seriamu ya Vumbi?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wa maabara hapa Dar es Salaam. Nyingine ni za wasomaji waliosikia habari za madini adimu ya Ngualla, mkoani Songwe, wakataka kujua kama madini hayo yanaweza kupimwa mwilini. Yanaweza. Kundi hili lina elementi 17: lanthanidi 15, kuanzia lanthanamu hadi lutetiamu, seriamu ikiwemo, pamoja na itriamu na skandiamu. Promethiamu haina isotopu tulivu, yaani atomu zake zote ni za mionzi na huoza, kwa hiyo kwenye damu tunashughulika na 16. Kazi hufanywa na ICP-MS, mashine inayopitisha sampuli katika plazima ya agoni yenye joto la maelfu ya digrii, kisha ikazihesabu atomu kwa uzito wake.

Tunaanza na barua ya Upanga, kwa sababu kosa linaloelezwa humo huharibu kazi hii hata kabla mashine haijawashwa.

SWALI: *Habari za kazi, wataalamu. Tunapima damu ya wafanyakazi 40. Mmoja wao tulimtoa mirija miwili kwa wakati mmoja, mkono uleule. Mrija wa kwanza umetoa seriamu nanogramu 35 kwa lita, wa pili 210. Mashine imetoka matengenezo juzi tu. Tuamini namba ipi?* (Mteknolojia wa maabara, Upanga)

JIBU: Kwa sasa msiamini hata moja, na mashine muiache kwanza. Pigeni hesabu hii. Udongo wa kawaida una seriamu ya kama miligramu 60 kwa kilo, maana yake kila mikrogramu moja ya vumbi imebeba pikogramu 60. Tofauti ya mirija yenu ni nanogramu 175 kwa lita. Kama mlipima nusu mililita ya damu, hiyo ni pikogramu 88 hivi, yaani vumbi lisilofika hata mikrogramu moja na nusu. Chembe moja ya udongo yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita ina uzito huohuo. Kwa macho ni vigumu kuiona, na mtu akifungua mlango wa chumba cha kutolea damu zinaingia nyingi.

Njia ya kuthibitisha mnayo tayari: angalieni elementi nyingine za sampuli ileile. Vumbi la udongo haliji na seriamu peke yake. Huja na lanthanamu ya kama nusu ya seriamu, neodimiamu inayokaribia lanthanamu, na juu ya hapo aluminiamu na thoriamu. Thoriamu ndiyo shahidi mzuri zaidi, kwa sababu kwenye damu ni ndogo mno, ilhali kwenye udongo ni kama sehemu moja kwa kila sita za seriamu. Mrija wa 210 ukiwa umepanda thoriamu kwa nanogramu 20 au 30 kwa lita, mmepata jibu: ni udongo. Chuma msikitazame kabisa. Damu yenyewe ina chuma cha karibu miligramu 500 kwa lita, na vumbi hapo halionekani.

Seriamu na lanthanamu zikipanda bila thoriamu, ulizeni nani aliwasha kiberiti cha gesi. Lile jiwe linalotoa cheche limetengenezwa kwa mchanganyiko wa seriamu, lanthanamu na chuma, na kila mkwaruzo unarusha unga wake hewani. Maabara inayowasha kichomeo kwa kiberiti cha aina hiyo isitarajie seriamu safi mezani. Na kama kilichopanda ni itriamu, europiamu na terbiamu kwa pamoja, chunguzeni taa za tyubu: ule unga mweupe wa ndani una elementi hizo, na tyubu moja iliyopasuka chumbani huacha alama kwa muda mrefu.

Sasa mirija. Ule wa kifuniko cha zambarau unaotumika kwa vipimo vya kila siku haukutengenezwa kwa kazi hii. Tumieni wa kifuniko cha bluu iliyokolea, unaouzwa kwa vipimo vya madini kidogo, wenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, kama mnataka damu nzima. Hata huo msiuamini kwa maandishi ya boksi, kwa sababu mtengenezaji huwa ameupima kwa risasi, kadimiamu na zebaki, si kwa lanthanidi. Chukueni mirija kumi ya bechi moja, jazeni asidi ya nitriki safi ya asilimia 1, lazeni kwa saa 24 huku mkiigeuza mara kwa mara, kisha pimeni. Asidi hukwangua zaidi ya damu, kwa hiyo mrija ukifaulu hapo utafaulu na kwenye damu. Bechi ikikubalika, nunueni ya kutosha kazi nzima. Kubadilisha bechi katikati ya wafanyakazi 40 ni kuanza upya. Mrija wa kijivu wa kupimia sukari usikaribie kazi hii: una floridi, na floridi ya lanthanidi haiyeyuki. Inatua chini ikakaa huko, nanyi mtasoma namba ndogo mkadhani damu ni safi.

Siku ya kutoa damu, mfanyakazi asitolewe akiwa na ovaroli lake wala karibu na sehemu ya kazi. Aoge, au angalau aoshe mkono hadi juu ya kiwiko kwa sabuni na maji mengi, ndipo pamba ya spiriti ipite na ngozi iachwe ikauke. Feni izimwe. Tunajua maana ya kuzima feni hapa mjini mwezi wa pili, lakini feni ya darini juu ya kiti cha kutolea damu ni mashine ya kumwaga vumbi. Glovu ziwe zisizo na unga. Mililita 2 za mwanzo ziingie mrija mtupu usio na dawa na zitupwe, ndipo mrija wa kipimo ufuate. Ugeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, usitikiswe.

Na kila watu kumi, tengenezeni blanki ya uwanjani: maji safi kabisa ya maabara yapitishwe kwenye sindano ileile, kishikio kilekile, yaingie mrija wa bechi ileile, chumba kilekile. Blanki hiyo itapimwa kama mtu. Wengi huiruka kwa sababu inakula mirija na muda, wakabaki na blanki ya mezani pekee, ambayo haijui lolote kuhusu chumba cha sindano.

Mkimaliza hayo mtoeni mfanyakazi yuleyule mirija miwili tena. Ikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 20, hamjafika.

SWALI: *Shikamooni. Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili, Mlimani. Msimamizi wangu anataka nichemshe damu na asidi kwenye maikrowevu, mwenzangu anasema nizimue tu moja kwa moja. Ipi ni sahihi, na vipimo ni vipi?*

JIBU: Marahaba. Zote mbili ni sahihi, ila zinaharibika kwa namna tofauti.

Kuyeyusha kwa asidi: weka mililita 0.5 ya damu kwenye chombo kidogo cha ndani cha tefloni, ongeza mililita 1 ya asidi ya nitriki ya asilimia 69 iliyosafishwa kwa kutoneshwa, na mililita 0.5 ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30. Acha wazi kwa nusu saa povu litulie. Ukifunga mapema, gesi itajaa na chombo kitafyatua. Panda taratibu hadi nyuzi 180 kwa dakika 15, kaa hapo dakika 15 nyingine, subiri ipoe chini ya nyuzi 40 ndipo ufungue. Jaza maji safi kabisa ya maabara (ya megaohmu 18.2) hadi mililita 10. Umezimua mara 20, na kimiminika kiwe angavu kama maji. Kikiwa na manjano bado kuna mabaki ya kaboni, nayo yatakusumbua hasa kwenye skandiamu, kwa sababu kaboni na oksijeni zikiungana na haidrojeni zinatoa uzito wa 45, uleule wa skandiamu. Silika ya kioo nayo inafika hapohapo. Kwa maoni yetu, kama huna mashine ya kwadrupoli tatu, yaani ICP-MS inayochuja uzito mara mbili, skandiamu iache nje ya utafiti wako uwe na amani.

Kuzimua moja kwa moja: kwa lita moja ya kizimuo, anza na maji, weka EDTA gramu 0.5, amonia ya asilimia 25 mililita 10, Triton X-100 (sabuni ya maabara) mililita 0.5 na butanoli mililita 20. Chukua mililita 3.8 za kizimuo, tia mililita 0.2 za damu polepole huku ukichanganya. Hapo napo umezimua mara 20. Amonia hupasua seli na kuziweka protini katika hali ya kuyeyuka. Triton huzuia mafuta yasishike kuta. EDTA ndiyo ya kuangalia sana: bila hiyo, lanthanidi kwenye amonia hugeuka haidroksidi na kujibandika kwenye plastiki, na kalibresheni yako, yaani kuipima mashine kwa viwango vinavyojulikana, itapinda ukashindwa kuelewa kwa nini. Kwa sababu hiyohiyo, viwango vyako vya kalibresheni, ambavyo huuzwa katika asidi, viingie kwenye kizimuo chenye EDTA tayari, si kinyume chake.

Kosa linaloziba mashine nyingi ni kubadili kutoka kizimuo cha amonia kwenda asidi bila kusafisha. Mabaki ya damu yakikutana na asidi huganda kama maziwa yaliyochacha, nebulaiza, yaani kinyunyizio cha sampuli, ikaziba. Suuza kwa kizimuo kilekile hadi mwisho wa siku, kisha maji, kisha ndipo asidi ipite.

Sisi tungechagua kuzimua kama una sampuli nyingi na damu yako haina mabonge, maana vyombo vinavyoguswa ni vichache na kila chombo ni mlango wa uchafu. Damu iliyoganda hata kidogo ipelekwe kwenye asidi. Namna yoyote utakayochagua, vifaa vyote viwe vya plastiki, vilale kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 kwa saa 24 na vioshwe mara tatu kwa maji safi. Ncha za pipeti ziwe zisizo na rangi, kwani rangi ya njano na ya bluu hutokana na vitu vyenye metali. Damu ni nzito, kwa hiyo vuta taratibu na futa ncha kwa nje kabla ya kumimina.

Kikomo cha ugunduzi usikichukue kwenye kijitabu cha mashine. Tengeneza blanki kumi zilizopita hatua zote, tafuta mchepuko sanifu wake, zidisha kwa 3, kisha zidisha kwa uzimuaji. Mfano: mchepuko ukiwa nanogramu 0.4 kwa lita, kikomo kwenye kimiminika ni 1.2, na kwenye damu ni 24. Thuliamu na lutetiamu za mtu wa kawaida zitakuwa chini ya hapo karibu zote. Ziandike "chini ya kikomo" pamoja na namba ya kikomo chenyewe. Usiweke sifuri.

SWALI: *Europiamu yangu iko juu kwa watu wote, na ukichora mchoro inapanda na kushuka sawasawa na bariamu. Pia itriamu, terbiamu na lutetiamu hazikai mahali pamoja. Blanki ni safi.* (Mchambuzi, Mikocheni)

JIBU: Ndugu yetu, europiamu hiyo ni bariamu iliyovaa oksijeni. Bariamu 135 ikishika oksijeni 16 inafika uzito wa 151, na bariamu 137 inafika 153. Hizo ndizo isotopu mbili pekee za europiamu, kwa hiyo huna pa kukimbilia. Hesabu yake: damu yenye bariamu mikrogramu 1 kwa lita, mashine ikitoa oksaidi kwa asilimia 0.5, kwenye 151 utasoma europiamu ya uongo nanogramu 0.7 kwa lita, na kwenye 153 nanogramu 1.1. Europiamu ya kweli ya mtu asiyefanya kazi na madini haya inaweza kuwa ndogo kuliko hiyo. Basi soma 151, na pima kimiminika cha bariamu tupu cha mikrogramu 1, 5 na 10 kwa lita kila siku ya kazi ili ujue cha kutoa. Oksaidi hubadilika kila siku. Kiwango cha wiki iliyopita hakifai leo.

Ugonjwa huohuo unaendelea mbele: lanthanamu 139 inaangukia 155 na praseodimiamu 141 inaangukia 157, zote za gadoliniamu. Neodimiamu 143 inaangukia terbiamu 159, samariamu 149 inaangukia holmiamu 165, terbiamu inaangukia lutetiamu 175. Punguza mtiririko wa gesi ya nebulaiza, poza chemba ya mnyunyizo hadi nyuzi 2, tumia heliamu kwenye seli ya mgongano ya mashine, na usianze kazi hadi uwiano wa 156 kwa 140 kwenye kimiminika cha seriamu ushuke chini ya asilimia 1, ikiwezekana 0.5. Kwadrupoli tatu yenye oksijeni inasaidia sana kwa gadoliniamu, unaisoma 157 ikiwa imehamia 173. Europiamu na iterbiamu zenyewe huungana na oksijeni kwa shida, kwa hiyo usitegemee njia hiyo kwa hizo mbili.

Kuhusu itriamu, terbiamu na lutetiamu, tazama chupa yako ya vigezo vya ndani, yaani elementi zinazoongezwa kwenye kila sampuli ili kufuatilia mwenendo wa mashine. Michanganyiko mingi ya kununua ina skandiamu, itriamu, terbiamu, holmiamu au lutetiamu ndani yake, kwa sababu kwa kazi za kawaida elementi hizo hazipo kwenye sampuli. Wewe unazimwaga kwenye kila mrija kisha unajaribu kuzipima. Tumia rodiamu 103, indiamu 115 kwa nyepesi, na reniamu au iridiamu kwa nzito. Kama mashine inachangiwa na wenzako wanaotumia mchanganyiko ule, badilisha mipira ya pampu na usafishe koni kabla ya zamu yako.

Kipimo cha mwisho cha ukweli ni umbo. Katika maumbile, elementi yenye namba shufwa huwa nyingi kuliko jirani zake wenye namba witiri. Gawanya matokeo yako kwa viwango vya udongo au vimondo. Mstari unapaswa kuteremka au kupanda kwa utulivu. Terbiamu ikizidi gadoliniamu, kuna kosa kwenye kipimo chako, si ugonjwa kwa mtu uliyempima.

SWALI: *Nilipigwa MRI yenye sindano ya dawa. Wiki moja baadaye nikapima madini ya damu. Wameandika gadoliniamu iko juu sana, na seleniamu pia. Je, nina sumu mwilini?* (Dada wa Tabata)

JIBU: Pole kwa hofu, dada. Dawa ile ya picha ni gadoliniamu iliyofungwa kwenye molekuli kubwa. Dozi ya kawaida kwa mtu wa kilo 60 ina karibu gramu nzima ya gadoliniamu. Kwa mwenye figo nzima zaidi ya asilimia 90 hutoka kwa mkojo ndani ya saa 24, lakini kipimo hiki husoma sehemu ya bilioni ya gramu, kwa hiyo mabaki yataonekana kwa wiki nyingi. Namba hiyo inasema ulichomwa sindano, basi.

Seleniamu huenda si ya kweli. Gadoliniamu 156 ikipoteza elektroni mbili, mashine huisoma kwenye 78, mahali pa seleniamu. Omba kipimo hicho kirudiwe. Maabara nyingi hutaka angalau saa 96 zipite baada ya dawa hiyo kabla ya kupima metali yoyote. Kwa damu yako ni bora kusubiri zaidi. Baadhi ya dawa hizo, kama gadodiamide, pia huishusha kalsiamu kwa uongo kwenye vipimo vya rangi, na mgonjwa anaweza kuongezwa kalsiamu asiyoihitaji. Mwambie daktari tarehe ya MRI kabla hajasoma karatasi yoyote.

Kama figo zako zina matatizo makubwa, hilo ni jambo jingine na umwone daktari mapema, kwani tangu 2006 inajulikana kuwa dawa hizi zinahusiana na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi kwa wagonjwa wa namna hiyo. Na wanaosafishwa damu wakimeza vidonge vya kabonati ya lanthanamu watakuwa na lanthanamu ya juu; maabara iambiwe.

SWALI: *Nachomelea kwa agoni hapa mtaa wa Gerezani, natumia fimbo za tangsteni zenye rangi ya dhahabu na za bluu. Nipime damu?*

JIBU: Fundi, hizo zina oksaidi ya lanthanamu, asilimia 1.5 kwa dhahabu na 2 kwa bluu. Za kijivu zina seriamu. Kipimo cha damu hakitakupa jibu la afya, kwa sababu hakuna kiwango kinachokubalika cha kusema hapa ni salama na hapa ni hatari. Fedha hiyo nunua barakoa nzuri ya vumbi na uweke kinyonya vumbi kwenye jiwe la kunolea, maana ni kunoa fimbo kunakokuingizia unga kifuani. Zenye alama nyekundu ziache. Zina thoriamu, nayo ina mionzi.

SWALI: *Mtungi mmoja wa agoni unatosha sampuli ngapi?* (Ubungo)

JIBU: Mtungi wa lita 50 uliojazwa hadi bar 200 una gesi ya kama lita 10,000. Mashine hula lita 17 na nusu hivi kwa dakika, kwa hiyo ni saa tisa na nusu. Toa dakika 30 za kupasha moto, hesabu dakika 4 kwa kila mrija pamoja na kusuuza, unapata mizunguko 135. Kalibresheni, blanki na sampuli za udhibiti zitachukua karibu theluthi. Panga watu 85 hadi 90, usizidishe. Umeme ukikatika katikati, plazima ikazimika, utapasha moto upya na kalibresheni upya. Uwe na mtungi wa akiba umeunganishwa.

SWALI: *Tunataka kupima wakazi kabla mgodi haujaanza, na sampuli zitapelekwa nje ya nchi. Tuzingatie nini?* (Timu ya utafiti, Dar es Salaam)

JIBU: Kibali cha maadili na mkataba wa kuhamisha sampuli kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, vitangulie, bila mkataba huo damu haitoki. Kama mnataka plazima ya damu, zungusheni kwenye sentrifuji kabla ya kugandisha, kwa sababu seli zikishaganda hupasuka na hakuna kutenganisha tena. Damu nzima igandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, kwenye vichupa vya polipropilini vilivyooshwa kwa asidi, na kila kichupa kiachwe nafasi ya juu ili kisipasuke.

Kwa ndege ni UN3373, namba ya kimataifa ya kusafirisha sampuli za kibiolojia: chombo cha ndani kisichovuja, kitu cha kufyonza, chombo cha pili kisichovuja, na boksi gumu la nje lenye upande mmoja usiopungua milimita 100 kwa 100. Barafu kavu ni UN1845, uzito wake uandikwe kwa kilo, na boksi lisizibwe kabisa, gesi ipate pa kutokea. Ndani ya boksi hilohilo wekeni mirija mitano mitupu ya bechi mliyotumia, pamoja na blanki zote za uwanjani, zikiwa zimegandishwa kama damu. Maabara ya huko haikuona chumba mlichotolea damu wala barabara ya vumbi iliyokuwa nje yake, na hiyo mirija ndiyo njia pekee ya kuwaonyesha.